Teknolojia ya Vifaa vya Kila Siku Mwaka 2026: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka unapokaribia kwisha watu huuliza yale yale: simu ipi inakuja, bei zitakwendaje, kipi kinafaa kununuliwa na kipi ni kelele tu. Majibu haya yameandikwa mwishoni mwa mwaka 2025 kwa ajili ya mnunuzi wa kawaida. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: mwaka 2026 utaamuliwa na kumbukumbu, betri na muda wa masasisho kuliko utakavyoamuliwa na maumbo mapya ya vifaa, na swali la kwanza la mnunuzi litakuwa kifaa kitaishi miaka mingapi.

Utabiri wa teknolojia unaaminika kwa kiasi gani?

Inategemea umejengwa juu ya nini. Upo utabiri unaotokana na tarehe ya sheria iliyokwisha kupitishwa, nao ni nadra kukosea, kwa sababu viwanda vimeshajipanga kuifuata. Upo unaotokana na maamuzi ya viwanda na bei za vipuri, ambao huanza kuonekana miezi mingi kabla bidhaa haijafika dukani, kwa kuwa sehemu za simu itakayouzwa Septemba huagizwa mapema sana. Halafu upo utabiri wa matamanio, ule unaosema kwamba watu watapenda hiki na kuacha kile, na huo umewaaibisha hata wakubwa.

Mwaka 2007 Steve Ballmer, aliyekuwa akiiongoza Microsoft, alisema kwamba iPhone haina nafasi ya kupata sehemu kubwa ya soko. Mwaka 2010 watengenezaji wa televisheni walizijaza kumbi za maonyesho ya CES mjini Las Vegas kwa televisheni za picha za pande tatu, ambazo nyingi zilihitaji kutazamwa kwa miwani maalumu. Ilipofika 2017, LG na Sony nazo zilikuwa zimeachana nazo. Waliokosea walikuwa watu wanaovijua vifaa vyao barabara. Wasichokipima vizuri ni mtu aliyejinyoosha kwenye kochi jioni, amechoka, ambaye hataki kutafuta miwani ili atazame taarifa ya habari. Kwa hiyo nitaegemea zaidi aina mbili za kwanza, na pale ninapobashiri matamanio ya watu nitasema wazi kwamba ninabashiri.

Je, bei za simu na kompyuta zitapanda?

Ndiyo, na hili ninalisema kwa uhakika kuliko mengine yote. Kila simu, kishikwambi na kompyuta huhitaji kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani RAM, na sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo duniani hutengenezwa na kampuni tatu tu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, pamoja na Micron ya Marekani. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, kampuni kubwa zimekuwa zikishindana kujenga vituo vya data vya akili mnemba, na vituo hivyo vina njaa kubwa ya kumbukumbu ya aina iitwayo HBM, inayotengenezwa kwa kupanga chipu moja juu ya nyingine kama sahani kabatini. Kwa maelezo ya Micron yenyewe, HBM hula takriban mara tatu ya silikoni inayohitajika kutengeneza kiasi hicho hicho cha kumbukumbu ya kawaida. Kiwanda kikiwa na mteja wa kituo cha data anayelipa vizuri tena kwa mkataba mrefu, na kando yake mtengenezaji wa simu anayebembeleza bei, si vigumu kujua nani atahudumiwa kwanza.

Matokeo yalianza kuonekana katika nusu ya pili ya mwaka 2025, bei za kumbukumbu zilipopanda kwa kasi. Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kwamba inaachana na biashara ya Crucial, chapa iliyokuwa ikiwauzia watu wa kawaida RAM na diski za kuongeza kwenye kompyuta zao. Kiwanda kipya cha chipu huchukua miaka kujengwa na kuanza kuzalisha, hivyo uwekezaji unaotangazwa leo hauwezi kumletea mnunuzi nafuu ndani ya 2026.

Kinachonisikitisha ni kwamba ongezeko hili halitaonekana siku zote kwenye bei iliyoandikwa. Baadhi ya watengenezaji wataiacha bei palepale na kupunguza yaliyomo ndani: simu iliyokusudiwa kutoka na GB 12 itatoka na GB 8, hifadhi ya kuanzia itakuwa ndogo, na kompyuta za daraja la chini zitaendelea kuuzwa na RAM ambayo tayari haitoshi. Watakaoumia zaidi ni wanunuzi wa simu za bei ya chini, kwa sababu huko ndiko kumbukumbu inakochukua sehemu kubwa ya gharama, na faida ya mtengenezaji ni nyembamba kiasi kwamba hana pa kuuficha mzigo. Mwaka 2026 soma orodha ya sifa mstari kwa mstari, maana jina la simu linaweza kuwa lile lile la mwaka jana na ndani kukawa na upungufu.

Basi ninunue sasa au nisubiri?

Ikiwa kifaa chako kimekufa au kinakukwamisha kazini, nunua sasa. Kusubiri bei za kompyuta zishuke katikati ya 2026 ni kutwanga maji kwenye kinu. Ikiwa bado kinafanya kazi na bado kinapata masasisho ya usalama, badilisha betri ukae nacho. Kwa kompyuta mpakato, tafuta ile inayoruhusu RAM kuongezwa baadaye, kwa kuwa nyingi za kisasa RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi na haiguswi tena. Vifaa vilivyotumika na kukarabatiwa vizuri vitakuwa chaguo la busara kuliko miaka iliyopita, ingawa navyo bei zake hufuata za vipya.

Zamani ushauri ulikuwa rahisi: subiri toleo jipya litoke, kisha nunua lililotangulia kwa bei iliyoshuka. Bado utafanya kazi kwa kiasi fulani, lakini natarajia punguzo hilo liwe dogo.

Akili mnemba ndani ya simu itanisaidia nini hasa?

Itasaidia katika kazi ndogo zenye mipaka. Kuandika maneno yanayosemwa kwenye rekodi, kutafsiri mazungumzo, kumsomea asiyeona kilichomo kwenye picha, kufupisha barua ndefu, kumtafutia mtu picha kwa maelezo badala ya tarehe: haya yameshakomaa na yatazidi kuwa mazuri. Ninapoyatazama, naona faida kubwa zaidi ikiwaendea watu wenye ulemavu, na ninasikitika kwamba matangazo huwataja mwishoni kabisa.

Kazi pana ndizo zitakazoendelea kuyumba. Ahadi ya msaidizi anayefungua programu mwenyewe, akaweka miadi, akalipa na kukujulisha kwamba amemaliza, imeshatolewa mara nyingi. Mwaka 2024 Apple ilionyesha Siri mpya, msaidizi wake wa sauti, ambayo ingeelewa mambo binafsi ya mtumiaji na kumfanyia kazi ndani ya programu. Machi 2025 ikatangaza kwamba sehemu hiyo itachelewa. Sababu yake inaeleweka: mfumo unaopatia mara tisa katika kumi hufurahisha kwenye maonyesho, lakini ukiukabidhi pesa zako, ile mara ya kumi inatosha kukuharibia mwezi. Natarajia wasaidizi hao watolewe kwa wingi mwaka 2026, na natarajia watumiaji wengi wawajaribu kwa wiki mbili kisha warudi kubofya wenyewe.

Liko pia jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Akili mnemba inayofanya kazi ndani ya kifaa, bila kupeleka maneno yako kwenye seva, yaani kompyuta za mbali za kampuni, ndiyo nzuri zaidi kwa faragha, lakini inataka RAM nyingi. Huduma za akili mnemba za Apple, ziitwazo Apple Intelligence, zilianzia kwenye simu zenye GB 8, na Microsoft iliweka GB 16 kuwa kiwango cha chini cha kompyuta za akili mnemba zinazobeba jina lake la Copilot+. Vituo vya data vinavyomeza RAM ya dunia ndivyo basi vinavyoifanya akili mnemba ya ndani ya simu kuwa ghali, na mtu wa simu ya kawaida atasukumwa kwenye seva atake asitake.

Nawasihi wasomaji wa Kiswahili wafanye jaribio moja kabla ya kulipia huduma yoyote: izungumzeni kwa Kiswahili cha kawaida, si cha kitabuni, kisha someni majibu yake kwa makini. Mifumo hii ilifunzwa zaidi kwa lugha zenye maandishi mengi mtandaoni, na kile kinachong'aa kwa Kiingereza huenda kikateleza kwa lugha nyingine, tena kikateleza kwa kujiamini.

Je, kuna kifaa kitakachochukua nafasi ya simu?

Hakitakuwepo mwaka 2026. Kampuni ya Humane ilitoa Aprili 2024 kifaa cha kubandika kifuani kilichokusudiwa kumwondolea mtu haja ya kushika simu. Februari 2025 mali zake zilinunuliwa na HP, na tarehe 28 ya mwezi huo huo vifaa vilivyokuwa vifuani mwa watu vikakatwa kutoka kwenye seva. Haukuwa umepita hata mwaka mmoja.

Miwani janja ina nafasi nzuri zaidi, kwa sababu mamilioni ya watu wanavaa miwani tayari. Google ilijaribu mapema mno na Google Glass mwaka 2013. Miwani ya Meta na Ray-Ban ya 2023 ilifanikiwa zaidi kwa kuwa ilionekana kama miwani, haikuwa na skrini, na ilifanya mambo machache: kupiga picha, kucheza sauti, kujibu maswali. Septemba 2025 Meta ikaongeza toleo lenye skrini ndogo ndani ya lenzi ya kulia, linaloongozwa kwa bangili inayosoma ishara za umeme za misuli ya mkono, na Google imesema miwani yake ya akili mnemba itaanza kutoka 2026. Hapa ninabashiri matamanio: itauzwa zaidi kuliko mwaka 2025, wengi wataipenda kwa sauti na kamera, na skrini itabaki ya wachache kwa sababu betri ndogo haivumilii.

Wasiwasi wangu ni wa yule aliye upande wa pili wa lenzi. Taa ndogo kwenye fremu huwaka miwani inaporekodi, lakini juani haionekani vizuri, na mtu aliyesimama mbele yako hakupewa nafasi ya kukubali wala kukataa. Ukiinunua, ivue unapoingia mahali ambapo ungeona haya kunyanyua simu na kurekodi.

Kila mwaka tunaahidiwa betri bora. Safari hii kuna ukweli?

Upo. Betri ya lithiamu-ioni iliingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, na kwa muda mrefu upande wake hasi umetengenezwa kwa grafaiti, ambayo kinadharia gramu moja yake hubeba mAh 372 (mAh ni kipimo cha kiasi cha chaji ambacho betri huhifadhi). Silikoni inaweza kubeba takriban mara kumi ya kiasi hicho. Kilichoizuia ni tabia yake ya kufura: inapomeza lithiamu hutanuka hadi mara kadhaa ya ujazo wake, inapoitoa hunywea, na kwa kutanuka na kunywea huko kila siku hujipasua yenyewe. Suluhisho lililopatikana ni kuzichanganya chembe ndogo za silikoni na kaboni yenye vinyweleo, ambayo huiachia silikoni nafasi ya kufuria bila kubomoa kilicho jirani.

Honor iliitumia betri ya aina hiyo kwenye simu ya Magic5 Pro nchini China mwaka 2023. Kufikia 2025 watengenezaji kadhaa wa China walikuwa wakiuza simu za unene wa kawaida zenye mAh 7,000 au zaidi, ilhali simu kubwa za Apple na Samsung zilikuwa bado zinazungukazunguka kwenye mAh 5,000. Sababu mojawapo ya tofauti hiyo wengi hawaijui: kanuni za kusafirisha lithiamu zina mpaka wa wati-saa 20 kwa seli moja, na seli inayouvuka hubebeshwa masharti mazito ya shehena hatari. Kwa volti za betri ya simu, mpaka huo unaangukia karibu na mAh 5,200, hivyo anayetaka zaidi hana budi kuigawa betri katika seli mbili au kuyakubali masharti.

Natarajia betri za silikoni na kaboni zienee mwaka 2026 hadi kwenye simu za daraja la kati. Ukiwa unalinganisha, usiishie kwenye mAh. Uliza betri imeahidiwa mizunguko mingapi ya kuchaji kabla ya kushuka hadi asilimia 80, kwa sababu teknolojia hii bado changa na uimara wake wa miaka mitano haujapimwa mikononi mwa watu. Betri za hali mango, zile ambazo ndani yake hutumia kitu kigumu badala ya kimiminika, usizisubiri kwenye simu mwaka 2026.

Nina sababu ya kulisisitiza hili. Simu yangu moja ilianza kunyanyua kioo upande mmoja. Ukipitisha ukucha ukingoni ulihisi mwanya mwembamba ambao wiki iliyotangulia haukuwepo. Nilidhani gundi imechoka, nikakibonyeza kioo kirudi mahali pake, nikaendelea kuichaji usiku kucha kando ya mto. Haikuwa gundi. Betri ilikuwa imejaa gesi, na kuibonyeza lilikuwa jambo la hatari kuliko yote ambayo ningeweza kulifanya. Ukiuona mwanya kama huo, zima simu, usiichaji, usiikandamize, usiitoboe, na uipeleke kwa fundi ukiwa umeitenga mbali na vitu vinavyoshika moto.

Je, hatimaye tutatumia waya mmoja wa kuchaji kwa kila kitu?

Karibu. Sheria ya Umoja wa Ulaya imetaka simu, vishikwambi, kamera na vifaa vingine vidogo viwe na tundu la USB-C tangu tarehe 28 Desemba 2024, na kompyuta mpakato zinafuata tarehe 28 Aprili 2026. Kwa kuwa ni gharama kutengeneza umbo moja kwa ajili ya Ulaya na jingine kwa kwingineko, manufaa yatafika mbali zaidi ya Ulaya. Tatizo litakalobaki ni kwamba waya zinazofanana kwa sura hazifanani kwa uwezo: mmoja hupitisha wati 60, mwingine wati 240, na mwingine hauwezi kubeba picha kwenda kwenye skrini. Weka alama kwenye waya zako nzuri.

Simu za kukunja na simu nyembamba zitatawala?

Sidhani. Simu za kukunja zimeimarika sana tangu Samsung ilipolazimika kuahirisha Galaxy Fold ya kwanza mwaka 2019 baada ya skrini kuharibika mikononi mwa wanahabari, na Huawei pamoja na Samsung sasa zina simu zinazokunjwa mara mbili. Wengi wanatarajia Apple iingie mwaka 2026, ingawa yenyewe haijatangaza. Ikiingia, idadi itapanda, lakini bei itaendelea kuwa ukuta. Simu nyembamba kupindukia, kama zilizotoka mwaka 2025, zinapendeza mkononi na zinachosha kabla ya jioni.

Kompyuta yangu inatumia Windows 10. Nifanyeje?

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa watumiaji binafsi imetoa nyongeza ya masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Jisajili kwenye nyongeza hiyo kwanza. Kisha angalia kama kompyuta yako inakubali Windows 11, ambayo hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakato kisicho cha zamani sana. Ikikataa, usiitupe: Linux, mfumo endeshi wa bure, hufanya kazi vizuri kwenye mashine nyingi za umri huo, na kwa mtu anayeandika, anayesoma barua na kutazama video tofauti ni ndogo kuliko anavyoogopa. Nimeona kompyuta nzima kabisa zikipelekwa jalalani kwa kosa la kukosa chipu moja, na jambo hilo huniuma.

Nitajuaje simu itadumu miaka mingapi?

Tazama ahadi ya masasisho kabla ya kamera. Google iliahidi miaka 7 kwa Pixel 8 mwezi Oktoba 2023, Samsung ikafuata na Galaxy S24 Januari 2024. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 zinataka masasisho ya mfumo endeshi yapatikane kwa angalau miaka 5 tangu mtengenezaji alipoacha kuuza aina hiyo, vipuri muhimu vipatikane kwa miaka 7, na betri ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800. Kuanzia tarehe 18 Februari 2027, tena, sheria ya betri ya Ulaya itataka betri za vifaa vingi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, kwa misamaha kadhaa. Simu zinazochorwa mwaka 2026 tayari zinachorwa kwa kuitazama tarehe hiyo, na ndiyo sababu utaanza kuona gundi za kubanduka kwa urahisi na mikanda ya kuvutia betri itoke.

Ahadi ya mtengenezaji mwenyewe ihesabu kuanzia siku simu ilipozinduliwa, si siku uliyoinunua. Simu yenye ahadi ya miaka 4 iliyokaa dukani miaka 2 ina miaka 2 tu iliyobaki. Kwa simu iliyotumika, fungua mipangilio mbele ya muuzaji, nenda sehemu ya maelezo ya simu, na usome tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa tarehe hiyo ina mwaka mzima na simu inadai hakuna jipya, jibu umeshalipata.

Vifaa janja vya nyumbani vinafaa kununuliwa?

Vinafaa ikiwa vitaendelea kufanya kazi siku kampuni itakapoondoka. Niliwahi kufunga kamera juu ya mlango. Asubuhi moja kitaa chake cha kijani kilikuwa kimegeuka rangi ya chungwa, na programu kwenye simu ikaandika kwamba huduma imesitishwa. Kamera yenyewe ilikuwa nzima, lenzi safi, umeme unaingia. Iliyokufa ni seva ya mbali ambayo siku ya kununua sikuifikiria hata kidogo. Sikuwa peke yangu kwa msiba wa namna hii. Spotify ilizima kifaa chake cha garini, Car Thing, Desemba 2024, na iRobot, iliyowaletea watu roboti wa kufagia aitwaye Roomba tangu 2002, iliomba ulinzi wa mahakama ya kufilisika Desemba 2025.

Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa: je, kifaa kinawaka na kuzima bila intaneti? Je, kinafuata kiwango cha Matter, kilichozinduliwa Oktoba 2022 ili vifaa vya kampuni tofauti vielewane moja kwa moja ndani ya nyumba? Toleo la 1.5 la Novemba 2025 liliongeza kamera, hivyo 2026 inaweza kuwa mwaka wa kwanza ambapo mtu ana chaguo la kweli katika eneo hilo. Jambo jingine la kufuatilia ni tarehe 11 Septemba 2026, ambapo sheria ya usalama wa mitandao ya Ulaya itaanza kuwalazimu watengenezaji kuripoti udhaifu unaotumiwa na wadukuzi katika bidhaa zao.

Roboti wa nyumbani wamefika?

Wa kufagia, ndiyo. Wenye umbo la mtu wataanza kufikishwa kwa wanunuzi wachache; kampuni ya 1X ilifungua oda za roboti wake NEO Oktoba 2025, na kwa kazi ambazo hajazimudu, mtu aliye mbali humwongoza akitazama kupitia kamera zake. Fikiria vizuri maana ya maneno hayo kabla ya kumkaribisha chumbani.

Je, simu itapata mtandao mahali pasipo na mnara?

Kwa ujumbe mfupi, hilo limeshaanza. iPhone 14 iliweza kuomba msaada wa dharura kupitia setilaiti tangu Novemba 2022, na Julai 2025 T-Mobile ya Marekani ilifungua huduma ya setilaiti za Starlink kwa simu za kawaida. Mwaka 2026 huduma hizi zitaenea na programu chache nyepesi zitapita humo. Usitarajie kutazama video. Setilaiti iko mamia ya kilomita juu, simu yako ina antena ndogo kuliko kidole, na watu wa eneo kubwa wanagawana uwezo mmoja. Kwa aliyepotea milimani au baharini, ujumbe mmoja unaofika unatosha.

Nijilinde vipi dhidi ya sauti na picha za kughushi?

Sauti ya mtu sasa inaweza kuigwa kutokana na rekodi fupi, na mwaka 2026 itakuwa rahisi zaidi kuliko sasa. Usitegemee sikio lako. Kubalianeni na watu wa nyumbani neno moja la siri la kuulizana pale mtu anapopiga simu akiomba pesa kwa haraka, na ukiwa na shaka kata simu, kisha piga wewe kwa namba unayoijua.

Kwa akaunti zako, anza kutumia funguo za siri (kwa Kiingereza passkeys) badala ya nenosiri. Ufunguo huu hukaa kwenye kifaa chako, hufunguliwa kwa alama ya kidole au uso, na hukataa kufanya kazi kwenye tovuti bandia, kwa sababu umefungamanishwa na anwani halisi. Tapeli hawezi kukubembeleza umsomee kitu ambacho hata wewe hukijui. Microsoft imefanya akaunti mpya zisiwe na nenosiri kuanzia Mei 2025, na wengine wanafuata.

Na 6G?

Hiki ni kizazi cha mtandao wa simu kitakachofuata 5G, na kinatarajiwa karibu na mwaka 2030. Kifaa kinachouzwa 2026 kwa jina hilo kisikushughulishe.

Kifaa changu cha zamani nikifanyeje?

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Simu inayofanya kazi mpe mtu atakayeitumia. Kabla ya kuitoa, hifadhi picha zako mahali pengine na uhakikishe zinafunguka, ondoa akaunti zako moja moja kwa sababu simu iliyofungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa awali haimfai mwingine, toa laini na kadi ya kumbukumbu, kisha irudishe kwenye hali ya kiwandani. Ikiwa haiwaki, ipeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki, na uwaambie mapema kama betri imefura, ili anayeipokea aishike kwa tahadhari.